Mbwa Wapewe Uwanja, Lakini Si Uwanja wa Watoto

Mwezi wa pili mwaka huu, baraza la mtaa wetu hapa Kampala liliitisha mkutano chini ya mwembe ulio mbele ya duka la dawa. Ajenda zilikuwa tatu: takataka, taa za barabarani, na ombi la wakazi wa upande wa juu wa kilima. Wakazi hao waliomba watengewe mahali penye uzio ambapo mbwa wataweza kufunguliwa na kukimbia bila kamba. Mwenyekiti aliposoma ajenda hiyo ya tatu, watu walicheka kwa muda mrefu. Mzee mmoja alisimama akauliza, "Bwana Mwenyekiti, sisi wenyewe tunalala watu sita chumba kimoja. Mbwa nao wanataka kiwanja?" Akapigiwa makofi.

Mimi pia nilicheka. Kicheko changu kilikatika aliposimama mama mmoja wa upande wa juu na kutaja eneo alilolifikiria: uwanja wa mpira wa watoto ulio nyuma ya kanisa. Alisema uwanja huo hautumiki siku za kazi asubuhi. Hapo kicheko kikageuka ugomvi, na mkutano ukavunjika bila uamuzi wowote. Ombi likasogezwa hadi mkutano ujao.

Ninaandika insha hii kabla ya mkutano huo kwa sababu naamini pande zote mbili zimekosea. Waliocheka wamekosea kudhani kwamba uwanja wa mbwa ni anasa ya matajiri. Walioomba wamekosea kutaka kuwanyang'anya watoto kitu ambacho hawana kingine badala yake. Msimamo wangu ni huu: mbwa wa mtaa wetu wapewe uwanja. Usitoke kwa watoto, wala usitoke kwenye kinamasi. Utoke kwenye ardhi ya umma ambayo imefungiwa kwa kufuli na haina kazi.

Sina budi kuanza na mbwa wetu mwenyewe. Sisi tunakaa upande wa chini wa kilima. Baba alimleta mbwa nyumbani baada ya wezi kutuingilia mara mbili, tukamwita Simba kama walivyoitwa nusu ya mbwa wa mtaa. Kiswahili cha kwanza nilichokisikia maishani mwangu, kabla sijajua kwamba siku moja nitakisomea chuo kikuu, kilikuwa cha askari wa geti la jirani akimwamuru mbwa: kaa, kimya, kamata. Nikayachukua maneno hayo nikamfundisha Simba. Alijifunza upesi, hasa la mwisho.

Simba alifungwa kwa mnyororo wenye urefu wa hatua nne hivi. Kazi ya kumfunga alfajiri na kumfungua usiku ilikuwa yangu. Kwa miaka mitatu alizunguka mti mmoja mpaka ardhi ikawa duara jekundu lisiloota hata jani. Hakujua mtu yeyote nje ya watu wanne wa nyumba yetu. Hakujua mbwa mwingine ila kwa sauti. Siku moja mpira wa binti wa jirani, mtoto wa miaka 7, uliingia ndani ya lile duara. Mtoto akaufuata.

Simba hakuwa amechanjwa. Hatukujua hata kwamba jeraha la mbwa huoshwa kwanza kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15. Mtu mmoja alikuja mbio na mafuta ya taa. Kituo cha afya cha kwanza hakikuwa na chanjo. Cha pili kilituelekeza cha tatu. Baba alikopa fedha za sindano zote, na mtoto akapona. Jioni ile ile vijana wa mtaa walimpiga Simba kwa magongo mpaka akafa, nami nilikuwa ndani nikisikia. Nilikuwa na miaka 14. Hakuna aliyeniuliza ni nani aliyekuwa akimfunga.

Binti yule leo ana miaka 15 na ni mchezaji hodari. Anacheza mpira kwenye uwanja ule ule wa nyuma ya kanisa. Ndiyo maana hoja hii kwangu si ya mchezo.

Wapo wanaosema kwamba kumpa mbwa mahali pa kukimbia ni uzungu. Ndugu zangu, hebu tujiulize ni kipi hasa kilichotoka ugenini. Kijijini kwa babu yangu mbwa hakuwa na mnyororo. Alikwenda shamba na wenye shamba, akawinda na wawindaji, akalala mlangoni. Kwa jirani zetu wa Kongo wako mbwa wa aina ya basenji, ambao hawabweki kama mbwa wengine, na wawindaji huwafunga njuga shingoni ili wasipotee msituni. Njuga inafungwa kwa sababu mbwa yuko huru. Mnyororo wa mchana kutwa ulikuja na mji, pamoja na ukuta, geti na hofu ya wezi. Mji ndio uliomfunga mbwa, kwa hiyo mji una wajibu wa kufikiri atafunguliwa wapi.

Sisemi turudi kwenye mbwa wa kuzurura. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kutisha: dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao wakiwa wa Afrika na Asia, na kwamba kati ya watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, 4 ni watoto wa chini ya miaka 15. Karibu wagonjwa wote huambukizwa na mbwa. Shirika hilo hilo linasema kwamba asilimia 70 ya mbwa wa mahali wakichanjwa, mnyororo wa maambukizi hukatika. Huo ndio mnyororo unaostahili kukatwa kwanza.

Hapa ndipo uwanja wa mbwa unapoacha kuwa anasa. Leo mwenye mbwa mtaani kwetu hana sababu ya kutafuta daktari wa mifugo mpaka pale balaa inapotokea. Pakiwepo mahali pamoja ambapo mbwa haingii bila kadi ya chanjo, mwenye mbwa atapata sababu. Daktari wa mifugo wa jiji naye atapata mahali pa kusimama siku ya kuchanja, badala ya kugonga geti moja moja huku akibwekewa. Zaidi ya hayo, mbwa aliyezoea watu wageni na mbwa wenzake tangu akiwa mdogo haogopi kila kinachosogea, na mbwa wengi huuma kwa hofu. Simba hakuwa na roho mbaya. Alikuwa mgeni duniani.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe: uwanja uwe wapi? Kutafuta kiwanja Kampala si kazi nyepesi. Tangu Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900, sehemu kubwa ya ardhi ya hapa iko chini ya mfumo wa mailo, jina lililotokana na maili za mraba ambazo watu walipimiwa wakati huo. Mwenye hati ni mmoja, na mwenye kibanja anayeishi juu yake ni mwingine. Kwa hiyo kipande chochote unachokiona kitupu kina mwenyewe, na mara nyingi kina wenyewe wawili wasioelewana. Ndiyo maana watu hukimbilia maeneo mawili tu ambayo hayana mtetezi mwenye sauti: mahali wanapocheza watoto na mahali panapotuama maji.

Nianze na uwanja wa watoto. Hoja kwamba hautumiki asubuhi ni ya kweli. Baadhi ya wakazi wa juu wameishi ng'ambo na wameona jinsi mji wa New York unavyoruhusu mbwa kufunguliwa katika baadhi ya bustani zake kubwa kabla ya saa tatu asubuhi na baada ya saa tatu usiku. Kwa nini nasi tusigawane saa? Jibu langu liko ardhini. Bustani zile ni pana na zina nyasi, na wanaozitumia wamevaa viatu. Uwanja wetu ni udongo mtupu, na nusu ya wachezaji wako pekupeku. Kinyesi cha mbwa hubeba mayai ya minyoo ambayo huweza kuishi kwenye udongo kwa miaka. Iko pia minyoo ya mbwa ambayo viluwiluwi vyake hupenya ngozi ya mguu na kutambaa chini yake, vikiacha mistari inayowasha usiku kucha. Hata kama kila mwenye mbwa ataokota kinyesi, nani ataokota mayai yasiyoonekana? Saa zinaweza kugawanywa, lakini udongo ni ule ule.

Kuna sababu ya pili. Upande wa juu una nyua zenye nyasi na kuta. Mtoto wa huko akifukuzwa uwanjani ataingia kwao na kucheza. Mtoto wa upande wa chini akifukuzwa ataingia barabarani, kwenye bodaboda. Watu wawili wanapogombania kitu kimoja, haki inataka tumuulize kila mmoja: ukikikosa, utakwenda wapi?

Eneo la pili lililotajwa, kwa kunong'ona baada ya mkutano, ni ukingo wa kinamasi. "Huko hakuna mtu," walisema. Kwanza si kweli. Wako akina mama wanaolima magimbi, na iko chemchemi ambayo familia nyingi za upande wa chini huteka maji pale bomba linapokatika, nalo hukatika mara kwa mara. Pili, ibara ya 237 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inasema kwamba serikali inashikilia ardhi oevu kwa niaba ya wananchi na ina wajibu wa kuilinda. Tukipeleka uzio leo, kesho atakuja mwenye lori za kifusi na kusema, mbona wale wa mbwa waliruhusiwa? Tatu, maji na mkojo wa wanyama havipatani. Mwaka 2022 majirani zetu wa Tanzania walipata mlipuko wa ugonjwa mkoani Lindi, nao wakauita homa ya mgunda. Vijidudu vyake hutoka kwenye mkojo wa wanyama wagonjwa, panya na mbwa wakiwemo, na hupenda ardhi yenye majimaji. Hatuwezi kuwapeleka mbwa wa mtaa mzima kwenda kukojoa juu ya chemchemi ya maskini, kisha tukaita jambo hilo maendeleo.

Basi ni wapi? Kila anayepanda kilima chetu kwa miguu hupita kiwanja chenye ukuta mfupi uliopasuka na lango lenye kufuli la kutu. Ni mali ya umma. Zamani palikuwa na nyumba za watumishi, zikabomolewa. Tangu nikiwa darasa la tatu, ndani yake kuna magari mabovu manne ya idara fulani, yasiyo na magurudumu, na mparachichi mmoja mkubwa. Nimekipima kiwanja hicho kwa hatua kutoka nje ya ukuta: hatua 60 kwa 40, yaani zaidi kidogo ya nusu ekari. Magari yaliyokufa yamepewa kivuli na ulinzi mtaani ambako watoto na mbwa wanagombania vumbi, na hakuna aliyewahi kuyacheka katika mkutano.

Kiwanja hicho kinafaa, nami nitataja sababu moja moja ili wenye mashaka wazipime. Kiko katikati ya mteremko, kwa hiyo maji ya mvua hayatuami na hayaendi moja kwa moja kwenye chemchemi. Kina kivuli. Kina bomba la zamani linaloweza kufufuliwa. Nyumba ya karibu iko ng'ambo ya barabara, hivyo kelele hazitamkosesha mgonjwa usingizi. Na jambo kubwa kuliko yote: kinafikika kwa miguu kutoka juu na kutoka chini. Uwanja wa mbwa unaohitaji gari kuufikia ni klabu ya matajiri, hata ukiandikwa langoni kwamba ni wa jamii. Mbwa wanaohitaji zaidi kufunguliwa ni wale wa upande wa chini waliofungwa kwenye miti na vizingiti vya maduka.

Ni kweli kwamba nusu ekari ni ndogo. Chama kikubwa cha wafugaji mbwa cha Marekani hupendekeza ekari moja au zaidi na uzio wa futi nne hadi sita. Lakini udogo una dawa: mbwa wachache kwa zamu, na kona ya pembeni iliyotengwa kwa mbwa wadogo. Lango liwe mara mbili, yaani unaingia la kwanza, unalifunga, unamfungua mbwa kamba, ndipo unafungua la pili, ili asichoropoke barabarani. Jike aliye kwenye joto asiingie. Mbwa asiye na kadi ya chanjo asiingie, hata akiwa wa mwenyekiti.

Njia hii wengine wamekwisha kuipita. Uwanja wa mbwa wa Ohlone katika mji wa Berkeley, jimbo la California, ulioanzishwa mwaka 1979 na unaotajwa mara nyingi kuwa wa kwanza wa aina yake Marekani, haukuchukuliwa kutoka kwa watoto. Ulitokana na ardhi iliyobaki wazi baada ya nyumba kubomolewa ili reli ipite chini yake. Wakazi waliona kipande kilichosahauliwa wakakidai. Na kama mfano wa Marekani uko mbali, tutazame Nairobi. Mwaka 1989 Wangari Maathai alisimama kupinga jengo la ghorofa 60 katika bustani ya Uhuru, akatukanwa, na mwishowe jengo halikujengwa. Tofauti ya jambo lake na letu ni kubwa kama tembo na sisimizi, lakini funzo ni moja: ardhi ya umma isiyo na watu wa kuisemea hupata mwenyewe usiku. Kiwanja cha magari mabovu kisipopata kazi ya umma leo, siku moja tutaamka tukute msingi wa hoteli.

Najua bado kuna pingamizi mbili nzito. Ya kwanza aliitoa shehe wetu, kwa upole kuliko wote waliosema siku ile. Alikumbusha kwamba Waislamu wengi wa Afrika Mashariki hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi inayohitaji kuoshwa mara saba, moja kwa udongo, na kwamba njia ya kwenda msikitini haifai kuwa njia ya mbwa. Wahenga walisema ukicheza na mbwa utaingia naye msikitini. Nakubaliana naye kabisa, nami naongeza kwamba hiyo ni hoja ya kutenga mahali, kwa maana leo mbwa wanapita popote. Kiwanja ninachokitaja kina upande usiotazama barabara ya msikiti, na lango liwekwe huko. Shehe aombwe aonyeshe lango liwe wapi kabla ya fundi kuitwa.

Pingamizi la pili ni fedha. Nani atalipa? Walioomba walipe uzio. Wanasema wana mbwa wanaokula nyama kila siku, basi watoe nyavu za chuma na nguzo. Sisi wa upande wa chini tutatoa mikono ya kufyeka, kusawazisha na kujenga, na zamu za kufagia. Serikali haiombwi shilingi ya kujenga. Inaombwa ufunguo, na daktari wa mifugo siku moja kwa mwaka. Kuingia kuwe bure. Siku ambayo mtu atatozwa langoni, nitakuwa wa kwanza kuwapinga hawa hawa ninaowatetea leo.

Kuhusu lile swali la mzee, kwamba watu sita wanalala chumba kimoja, halistahili kupuuzwa, na makofi yale yalikuwa ya haki. Lakini mzee wangu, ukiwanyima mbwa kile kiwanja, chumba chako hakitaongezeka hata shubiri. Magari manne yataendelea kulala peke yao. Katikati ya jiji letu kuna uwanja wa gofu, ekari nyingi za nyasi kwa ajili ya kijipira cheupe, na miaka yote hii hatujasikia kicheko. Tunamcheka mbwa kwa sababu hawezi kujibu, na kwa sababu ni rahisi kuliko kumuuliza mwenye ufunguo.

Mkutano ujao ni Jumapili ya mwisho ya mwezi. Nimemwandikia mwenyekiti nikimwomba aiweke ajenda hii ya kwanza, kabla watu hawajachoka, na mkutano ufanyike mbele ya lile lango lenye kutu badala ya chini ya mwembe, ili kila mtu achungulie ndani kwa macho yake. Nimemwomba pia binti wa jirani aje na wenzake wa timu. Aliniuliza kama mbwa watakuwepo. Nikamwambia watakuwepo, wamefungwa kamba, upande wa pili wa barabara. Akafikiri kidogo, akasema atakuja.